Kichupa cha Kuondoa Makunyanzi: Tuchague Nini?

Mwezi huu tunalo swali ambalo limetufikia si mara moja, na aghalabu huletwa kwa sauti ya chini, baada ya wengine kuondoka. Akina mama wanatuuliza: yale maji mazito ya kupaka usoni, yanayouzwa katika vichupa vidogo vyenye mpira wa kudondoshea na kuitwa seramu, ni kweli yanaondoa makunyanzi? Na kama ni kweli, mtu anunue ipi?

Wapo watakaosema kwamba hili si swali la ukurasa wa afya. Sisi hatukubaliani nao. Ngozi ni kiungo cha mwili kama ini na moyo, na kinachopakwa juu yake huweza kufika hadi kwenye figo, kama tutakavyoona. Kadhalika swali hili lina fedha ndani yake, na fedha hiyo hutoka katika mfuko uleule wa ada na mbolea.

Mama mmoja wa hapa Mafinga, mwenye umri wa miaka 46, alituletea kichupa chake tukione. Alikinunua kwa mchuuzi aliyekuwa akipita na mkoba karibu na stendi ya mabasi, kwa bei ambayo ingemnunulia debe la mahindi. Kiliandikwa kwa herufi za rangi ya dhahabu kwamba kinarudisha ujana kwa siku saba. Na kweli, siku ya saba uso ulikuwa laini na umetakata, hata majirani wakamsifu. Mwezi wa pili vikaanza vipele, kisha ngozi ya mashavu ikawa nyembamba, mishipa midogo ya damu ikaonekana. Alipojaribu kuacha, uso uliwaka moto na kuvimba, naye akarudi kununua kichupa kingine ili apate nafuu. Alipotujia alikuwa katika kichupa cha nne. Tulikigeuza pande zote tukitafuta orodha ya vitu vilivyomo ndani. Haikuwapo.

Habari za mama huyu tutazirudia. Kwanza yafaa tujue ngozi inazeekaje, maana asiyejua kilichoharibika hawezi kuchagua cha kutengenezea.

Kitanda cha kamba

Wasomaji wetu wa umri mkubwa wanakikumbuka kitanda cha kamba. Kikiwa kipya, kamba zimekazwa, godoro linakaa sawasawa. Miaka ikipita kamba hulegea, nyingine hukatika, na godoro hushuka katikati hata kama lenyewe ni zima. Ngozi yetu iko hivyo. Chini ya tabaka la juu tunaloligusa kuna nyuzi zilizosukwa, nyingi zikiwa za protini iitwayo kolajeni, na nyingine za elastini zinazoifanya ngozi ivutike na kurudi. Nyuzi hizo zikilegea na kupungua, ngozi ya juu hukunjamana.

Nyuzi hupungua kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni umri wenyewe, na hiyo haina dawa. Kwa akina mama huongezeka kukoma kwa hedhi: katika miaka mitano ya mwanzo baada ya hapo, kolajeni ya ngozi huweza kupungua kwa karibu theluthi moja. Ndiyo maana wengi husema, "Nilikuwa sijambo, uso umebadilika ghafla tu." Hawakosei.

Sababu ya pili ni jua. Fanya jaribio dogo hapo ulipo: tazama ngozi ya juu ya kiganja chako, kisha tazama ngozi ya ndani ya mkono, karibu na kwapa. Ngozi hizo mbili zimezaliwa siku moja. Moja imekaa nje miaka yote, nyingine imekaa kivulini. Tofauti unayoiona kati yake ndiyo kazi ya jua, na hiyo ndiyo sehemu ya uzee ambayo mtu anaweza kuizuia.

Uvutaji wa sigara nao hukunja uso mapema, hasa kuzunguka mdomo. Hakuna seramu inayoweza kushindana na pakiti moja kwa siku.

Baridi ya Mafinga inatudanganya

Watu wa Mufindi tuna udhuru tuliouzoea: "Huku kwetu ni baridi, jua la kuchoma liko Dar es Salaam." Ni kinyume chake. Joto tunalolisikia na miale inayozeesha ngozi ni vitu viwili tofauti. Miale hiyo, iitwayo ya urujuanimno, haionekani kwa macho wala haisikiki kama joto. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kila unapopanda mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, miale hii huongezeka kwa asilimia 10 hivi, kwa kuwa hewa ya kuichuja imepungua. Mafinga iko karibu mita 1,900. Kwa hesabu hiyo, mambo mengine yakiwa sawa, anayechuma chai au kupalilia miche ya misonobari hapa hupigwa na miale zaidi kuliko anayeuza samaki Feri, ila yule wa Feri anahisi joto na kukimbilia kivuli, na wa kwetu anavua sweta ili aote jua.

Hata wingu jembamba na ukungu havitoshi kuizuia. Saa zilizo kali zaidi ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni.

Kwa madereva wa malori ya mbao na wale wa barabara kuu ya Zambia, tunalo jambo la pekee. Mwaka 2012 jarida moja kubwa la uganga la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori wa umri wa miaka 69, aliyeendesha kwa miaka 28. Nusu ya kushoto ya uso wake ilikuwa na mikunjo mizito iliyoning'inia, nusu ya kulia ikionekana kama ya mtu mwingine aliye mdogo kwake. Kwao dereva hukaa kushoto, na jua lilimfikia kupitia kioo cha dirisha. Kioo cha kawaida cha pembeni huzuia sehemu kubwa ya miale ya aina ya B, ile inayobabua, lakini huiachia miale ya aina ya A, inayoingia ndani zaidi hadi kwenye nyuzi. Sisi tunaoendesha kwa upande wa kulia tutazame mashavu yetu ya kulia.

Lakini tusitishane kupita kiasi. Ngozi nyeusi ni zawadi. Watafiti wa Marekani waliipima mwaka 1979, wakaona tabaka la juu la ngozi nyeusi lina kinga ya kiasi cha 13, na la ngozi nyeupe 3 na ushei. Ndiyo maana makunyanzi huchelewa kutufikia, na badala yake uzee wetu wa jua hutangulia kuonekana kama madoa meusi mashavuni na kwenye paji la uso, na rangi isiyo sawa. Kumbuka neno hili, kwa sababu wauzaji wanalijua vizuri: mama wa Kiafrika hawaendei wauzaji kwa ajili ya mikunjo tu, anawaendea kwa ajili ya madoa. Na hapo ndipo mtego ulipo.

Vichupa vinavyofanya kazi

Sasa tuingie dukani. Tuseme wazi kwamba si kila kinachouzwa ni uongo. Vipo vitu vilivyopimwa vikaonekana vinafaa, ila ni vichache kuliko vibandiko vilivyoko rafuni.

Cha kwanza wala si seramu. Ni losheni ya kukinga jua. Huko Nambour, katika jimbo la Queensland nchini Australia, watafiti waligawa watu kwa kura: wengine wapake losheni ya kukinga jua kila siku, wengine wapake wanapotaka wenyewe, kama walivyozoea. Matokeo ya watu 903 wenye umri chini ya miaka 55 yalitangazwa mwaka 2013. Baada ya miaka minne na nusu, ngozi za wale waliopaka kila siku hazikuonyesha dalili ya kuzeeka zaidi ya zilivyoanza, na tofauti kati ya makundi hayo mawili ilikuwa asilimia 24. Katika utafiti huohuo wengine walipewa vidonge vya beta-karotini, na kwa jumla vidonge havikuleta tofauti. Watu hao ngozi yao ni nyeupe, hivyo faida kwetu huenda ikawa ndogo kuliko hiyo. Lakini hatujaona kichupa cha dhahabu chenye ushahidi wa namna hii.

Losheni hiyo ichaguliwe yenye namba 30 au zaidi baada ya herufi SPF, na iandikwe kwamba inakinga miale ya A na ya B. Ipakwe ya kutosha, kiasi cha mistari miwili kwenye vidole viwili kwa uso na shingo, na irudiwe mtu akikaa nje muda mrefu. Tunajua bei yake. Kwa hiyo tunasema bila haya kwamba pama la mtumba lenye ukingo mpana linafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, halimaliziki, wala haliisha muda wake. Khanga kichwani huikinga nywele lakini huuacha uso wazi. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, kwa ngozi ni kubwa.

Hapa tuweke neno moja la pembeni. Kama katika familia au jirani kuna mtu mwenye ualbino, losheni ya jua kwake si urembo, ni kinga dhidi ya saratani. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao mahsusi. Iwapo nyumbani kuna kopo moja tu, ni la mtoto huyo.

Kitu cha pili ni jamii ya vitamini A. Mkubwa wao ni tretinoini, ambayo ni dawa ya kuandikiwa na mganga. Mwaka 1988 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwapaka watu 30 kwa wiki 16, wakilinganisha na krimu isiyo na dawa, na ngozi iliyozeeshwa na jua ikaonekana kupata nafuu. Mwishoni mwa mwaka 1995 serikali ya Marekani iliikubali krimu ya tretinoini kwa kazi hiyo. Mdogo wake ni retinoli, ambayo huuzwa bila cheti ndani ya seramu nyingi. Nguvu yake ni ndogo zaidi, lakini iko njia moja na mkubwa wake. Jina lake kwenye kichupa huandikwa kwa Kiingereza, ila ukilisoma kwa sauti utalisikia karibu hivyohivyo.

Dawa za jamii hii zina masharti matatu. Kwanza, zinawasha. Wengi wa wale watu 30 wa Michigan waliwashwa na kupata wekundu. Kwa ngozi nyeusi muwasho huacha doa jeusi, yaani lilelile ulilotaka kuliondoa, hivyo anza na kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku, mara mbili kwa wiki, ukiongeza polepole. Pili, hazina haraka. Miezi mitatu hadi sita ndipo mtu aanze kuona kitu. Anayeahidi siku saba hauzi retinoli. Tatu, na hili tunaomba lisomwe mara mbili: mama mjamzito, au anayetazamia kupata mimba, asizitumie. Vidonge vya jamii hii vinajulikana kwa kumletea mtoto ulemavu tumboni. Krimu huingia mwilini kidogo sana, hata hivyo waganga huizuia kwa tahadhari, na sisi hatuoni kwa nini mtu abahatishe kwa ajili ya mkunjo mmoja wa paji la uso.

Kitu cha tatu ni niasinamidi, ambayo ni aina ya vitamini B3. Ni mpole. Kwa kiasi cha asilimia 4 au 5 hupunguza mikunjo midogo na madoa kwa kadiri, baada ya miezi miwili au mitatu, na haiwashi watu wengi. Kama msomaji ameshika fedha mkononi, ana pama lake tayari, na ameazimia kununua seramu moja tu, sisi tungemwelekeza kwenye hii. Aliyepita umri wa kuzaa, na ngozi yake inavumilia, anaweza kujaribu retinoli.

Vitamini C nayo ina ushahidi, lakini kwa mazingira yetu inatutia mashaka. Ikikaa kwenye mwanga, joto na hewa huharibika upesi. Maji yake hugeuka manjano, kisha kahawia kama chai ya rangi. Sasa fikiri kichupa cheupe kilichopangwa juu ya meza ya mchuuzi kuanzia asubuhi hadi jioni, wiki ya tatu hii. Kilichobaki humo ni maji na jina. Kama ukiinunua, iwe ndani ya chupa nyeusi au isiyopitisha mwanga, itoke katika rafu iliyo kivulini.

Vipo pia vinavyosifiwa kwa kolajeni. Tumeona kwamba kolajeni ndiyo kamba za kitanda, kwa hiyo maneno yanavutia: zimepungua, basi tuzipake. Lakini chembe ya kolajeni ni kubwa mno, haipenyi ngozi. Kuipaka usoni ni kama kuweka fungu la kamba juu ya godoro na kutumaini kitanda kitakaza. Hulainisha ngozi kwa juu, basi.

Ama asidi ya haialuroni, hiyo huvuta maji na kuinua mikunjo midogo kwa saa kadhaa. Glisirini ya duka la dawa hufanya kazi ya jamii hiyohiyo kwa bei ndogo. Katika ukame wa Juni hadi Agosti, wakati midomo inapasuka na mashavu ya watoto yanakuwa kama maganda, changanya matone machache na maji, paka uso ungali na unyevu, kisha funika kwa mafuta ya mgando kidogo sana. Mafuta ya mgando hayana harufu ya Paris, lakini ni vigumu kupata kitu kinachozuia maji ya ngozi yasipotee kuliko hayo. Uso uliolowana vizuri mikunjo yake midogo hupungua kuonekana asubuhi hiyohiyo, na sehemu kubwa ya sifa za seramu nyingi, tukisema kweli, inatoka hapo.

Mkorogo uliobadilisha jina

Tangu zamani tunaujua mkorogo. Sasa watu wamechoka kuusikia ukisemwa, na wauzaji nao wameligundua hilo, wakabadili jina. Kilichoitwa krimu ya kung'arisha leo kinaitwa seramu ya kuondoa uzee, au ya kusawazisha rangi. Ndani ya vichupa vya namna hii kuna vitu vitatu vya kuogopwa.

Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, na huingia mwilini. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walieleza habari za wagonjwa 60 waliolazwa kwa ugonjwa wa figo unaovujisha protini kwenye mkojo na kuvimbisha mwili. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Hiyo ni nusu karne iliyopita, na krimu za namna hiyo bado zinakamatwa mipakani. Isitoshe, zebaki haikai kwa aliyejipaka peke yake. Huhamia kwenye taulo, kwenye foronya, na kwa mtoto anayelala kifuani mwa mama yake. Mara nyingi haitajwi kwenye kopo. Lakini ukikuta onyo kwamba usikiguse kitu hicho ukiwa umevaa dhahabu, fedha au vyombo vya alumini, umeshaipata habari yake.

Haidrokwinoni huondoa madoa kweli, na waganga wa ngozi huitumia kwa muda maalumu wakiangalia. Ikitumiwa kwa miaka bila uangalizi, hasa juani, hugeuka na kuacha mabaka ya rangi ya buluu na nyeusi mashavuni, yenye vijipele vigumu, ambayo ni vigumu mno kuyaondoa. Afrika Kusini madaktari waliyaeleza mabaka hayo mwaka 1975, kwa akina mama waliokuwa wamejichubua kwa miaka mingi, na nchi hiyo ilipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990. Hapa Tanzania nayo imo katika orodha ya viambato vilivyokatazwa kwenye vipodozi, pamoja na zebaki.

Cha tatu ni steroidi, hasa klobetasoli, ambayo ni dawa kali ya magonjwa ya ngozi. Hii ndiyo inayowanasa wengi, kwa kuwa siku za mwanzo hufanya mtu asifiwe. Hupunguza wekundu, hulainisha, hung'arisha. Baadaye huila ngozi ikawa nyembamba kama karatasi ya sigara, huleta chunusi na vinyweleo, na mtu akiacha, uso huwaka. Anayejipaka mwili mzima kwa miezi mingi huweza kupandisha shinikizo la damu na sukari. Orodha ya dalili hizi ni ile ya mama yetu wa stendi, karibu neno kwa neno.

Mama huyo tulimpeleka kwa mganga. Hakumwambia atupe kichupa jioni ileile. Alimpangia namna ya kupunguza kidogo kidogo, akampa na dawa ya vipele. Tunalisema hili kwa sababu wako watakaosoma ukurasa huu na kutaka kuacha leo. Kuacha ni lazima, lakini aliyetumia kwa muda mrefu amwone mganga kwanza. Kwa mama huyu ilichukua miezi mitatu ya uso mwekundu, na maneno ya watu juu yake. Alituambia jambo ambalo hatujalisahau, kwamba kilichomuumiza kuliko moto wa uso ni kuona binti yake wa darasa la saba amejipaka kichupa kilekile kwa siri.

Kabla hujafungua pochi

Basi, ukisimama mbele ya muuzaji, soma kwanza nyuma ya kichupa, si mbele. Mbele kuna maneno ya biashara. Nyuma panatakiwa pawepo orodha ya viambato, jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha. Kwa kawaida kiambato kilichotajwa mwanzo ndicho kingi, na cha mwisho ni kidogo. Kama kitu kilichoandikwa mbele kwa herufi kubwa kinakuja nyuma baada ya manukato, jua umeuziwa manukato. Utaona pia kipicha cha kopo lililo wazi chenye namba 6 au 12 na herufi M. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu siku ulipofungua.

Kisicho na orodha, kirudishe. Kilichopimwa kutoka kopo kubwa na kutiwa kwenye kichupa kisicho na jina, kirudishe. Kinachoahidi weupe, au siku saba, au kuondoa mikunjo, madoa, chunusi na michirizi ya uzazi vyote kwa pamoja, nacho kirudishe. Muuzaji akikuambia usikipake kwenye vifundo vya vidole kwa sababu huko hakishiki, ameshakueleza anauza nini.

Tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi ulihama kutoka iliyokuwa TFDA kwenda Shirika la Viwango, TBS. Wao ndio wanaosajili vipodozi, na kwao ndiko pa kuuliza kama kitu kimesajiliwa. Duka lenye mahali maalumu unapoweza kurudi kesho kulalamika ni bora kuliko mkoba unaopanda basi la Makambako saa kumi.

Ukishanunua, usikimbilie usoni. Paka kidogo ndani ya kiwiko kwa siku tano hivi. Kukiwasha au kukiota vipele, umepoteza fedha lakini uso umepona. Anza kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayeanza vitatu pamoja akavimba hatajua amlaumu nani. Na doa linalokua, linalobadilika umbo, linalotoa damu, au kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, hivyo si vya seramu kabisa. Peleka hospitali. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha Moshi kimekuwa kikifundisha waganga wa ngozi tangu mwaka 1992, nao hurudi kufanya kazi mikoani. Uliza katika hospitali ya wilaya upelekwe kwao.

Limebaki swali la kile kichupa ambacho bado kina nusu na mwenyewe ameshakiogopa. Usimpe dada wa kazi wala mdogo wako aliyeko kijijini, hata kama roho inauma kwa ajili ya fedha iliyotumika. Usikitupe kwenye moto wa takataka nyuma ya jiko, maana kama kina zebaki, moshi wake utaivuta familia nzima. Kifunge vizuri, kitie ndani ya mfuko wa plastiki, ukifunge tena, ukiweke mbali na watoto, kisha umpelekee afisa afya wa kata au hospitali na umwambie umekinunua wapi.